Siku Moja Nje ya Nyumba: Mandari ya Mume na Mke



Kabla ya kuendelea kusoma, jiulizeni swali moja. Ni lini mara ya mwisho ninyi wawili mlitoka nyumbani pamoja, bila kwenda matangani, harusini, hospitalini au kwenye mkutano wa wazazi shuleni? Wengi watakuna kichwa. Kabla ya ndoa mlitembea sana, mkaongea mpaka giza likawakuta njiani. Siku hizi mnaongea pia, lakini hebu sikilizeni maneno yenyewe: karo imebaki kiasi gani, unga umekwisha, nani atampeleka mtoto kliniki, mama yako amepiga simu anataka nini. Hayo ni mazungumzo ya lazima, wala hatuyadharau. Lakini watu wakizungumza hayo tu mwaka baada ya mwaka, huwa kama makarani wawili wa ofisi moja. Kazi inakwenda, lakini hawajuani tena.

Kuna dawa moja isiyo ghali, nayo ni mandari, au pikiniki kama wengi wanavyoiita. Mnafunga chakula, mnaondoka asubuhi, mnakwenda mahali penye mandhari nzuri, mnakula huko, na mnarudi kabla ya giza. Katika somo hili tutaangalia mambo matatu: maana ya safari ya namna hii kwa watu waliooana, mahali panapofaa hapa Kenya, na jinsi ya kuipanga ili isiwe mzigo mwingine kwa mmoja wenu.

Jiwe la mke wa kwanza

Kando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Bondo, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka mjini, yapo mawe makubwa yaliyopandana juu kwa juu mpaka kufikia kama mita 40. Wajaluo hupaita mahali hapo Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza. Masimulizi ya wenyeji yasema kwamba zamani alikuwako mzee aliyepapenda mahali pale kupita kiasi. Kila siku alikwenda kukaa katika pango la mawe yale, na mkewe akawa ndiye wa kumpelekea kiamshakinywa na chakula cha mchana. Watu walipomwuliza yule mama, "Mzee yuko wapi?" alijibu, "Amekwenda kwa mke wake wa kwanza."

Tusicheke upesi. Mzee huyo hatuambiwi kwamba alikuwa mlevi, wala kwamba alimpiga mkewe. Kosa lake lilikuwa kwamba saa zake nzuri zote alilipa jiwe. Na yule mama, ingawa alifika mahali pazuri kila siku, alifika akiwa amebeba chungu. Hakuna mahali masimulizi yanaposema kwamba aliketi.

Kila nyumba ina jiwe lake. Bwana, kwako labda ni kazi, au mpira kwenye televisheni, au rafiki zako wa jioni. Bibi, kwako labda ni biashara, au chama cha akina mama, au hata watoto, kwa maana yupo mama ambaye tangu mtoto wa kwanza azaliwe hajamtazama tena mumewe machoni. Na wote wawili mnalo jiwe dogo linaloingia mfukoni: simu.

Kutokana na hadithi hiyo twapata kanuni mbili za mandari ya mume na mke. Ya kwanza, wote wawili wabebe. Ya pili, wote wawili waketi. Mkizishika hizo mbili, hata chini ya mwembe wa jirani mtafaidika. Mkizikosa, hata ufuo wa bahari hautawasaidia.

Chagueni mahali kulingana na haja yenu

Watu wengi huchagua mahali kwa sababu jirani alikwenda huko. Ni afadhali kujiuliza kwanza: sisi wawili tunahitaji nini sasa? Ziko haja za namna tatu.

1. Ikiwa mmenyamaziana, tafuteni mahali pa kutembea. Wenye neno gumu huona aibu kutazamana uso kwa uso mezani. Lakini wakitembea bega kwa bega, macho yakitazama mbele, ulimi hulegea. Anayetafuta maneno hapati taabu, kwa sababu kimya cha watu wanaotembea si kimya cha ugomvi.

Kwa wakaaji wa Nairobi, Milima ya Ngong inafaa sana. Iko kama kilomita 25 kutoka jijini, na matatu za Ngong zinawafikisha mjini pale, mkabaki na mwendo mfupi. Kilele cha juu chafika mita 2,460. Mkiwa juu, upande mmoja mnaliona jiji mlilotoka, na upande wa pili Bonde la Ufa limetandazwa chini kama mkeka. Ni vizuri kuona nyumba yenu na shida zake zote kutoka mbali, zikiwa ndogo hivyo. Upepo wa huko ni mkali, ndiyo maana imewekwa mitambo ya kufua umeme kwa upepo. Basi chukueni sweta hata kama asubuhi kuna jua. Walinzi wa msitu huwasindikiza wageni kwa malipo, na ni busara kuwatumia mkitaka kufika vilima vya mbali.

Wenye nguvu zaidi waende Hell's Gate, karibu na Naivasha. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1984, na ni mojawapo ya chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Baiskeli hukodishwa karibu na lango. Mtapita kati ya kuta za mawe mekundu, pundamilia na swala wakila majani kando ya njia. Mume na mke waliozoea kukimbizana na saa watashangaa jinsi baiskeli mbili zinavyofundisha kungojana. Ila hadharini na korongo la huko nyakati za mvua. Mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliwachukua na kuwaua watu waliokuwa wakilitembelea. Mawingu yakiwa mazito, hata mbali mlimani, msishuke.

Mkienda Naivasha kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu, simameni kidogo kwenye kanisa dogo lililo chini ya mteremko. Wafungwa wa vita wa Kiitalia walilijenga mwaka 1942, walipokuwa wakijenga barabara hiyo. Watu waliokuwa mbali na wake zao na mama zao, hawajui watarudi lini, walipata moyo wa kujenga kitu kizuri kwa wasafiri wasiowajua. Dakika kumi mle ndani zatosha, na si lazima mseme lolote.

2. Ikiwa mmechoka, tafuteni kivuli. Siyo kila nyumba ina ugomvi. Nyingine ina uchovu tu. Hapo msipande mlima. Tafuteni miti, tandikeni leso, mkalale.

Msitu wa Karura uko ndani ya Nairobi yenyewe, na una ukubwa wa hekta 1,000 na zaidi. Una njia zilizopangwa vizuri, maporomoko madogo ya maji, mapango, na sehemu za kukaa na kula. Kumbukeni kwamba msitu huo karibu unyakuliwe na wajenzi miaka ya 1990. Januari 1999 marehemu Profesa Wangari Maathai alipigwa na kuumizwa alipokuwa akiutetea. Kivuli mnachokaa leo kilinunuliwa kwa bei. Na hata kivuli cha nyumba yenu, je, hakikunuliwa kwa bei na mmoja wenu? Usione vyaelea, vimeundwa.

Walio magharibi wanao Msitu wa Kakamega, ambao ni mabaki ya msitu mkubwa wa mvua uliounganika zamani na misitu ya Kongo. Hakuna mwingine wa namna hiyo hapa Kenya. Mbega weupe kwa weusi huruka juu ya vichwa, na vipepeo ni wengi ajabu. Upande wa Buyangu kuna kilima ambacho mkikikwea mnauona msitu mzima. Waongozaji wa kijijini wanajua miti kwa majina na dawa zake. Mkimchukua mmoja mtajifunza mengi na mtakuwa mmesaidia nyumba nyingine.

Walio pwani wanayo Haller Park, kule Bamburi. Palikuwa shimo kubwa la kuchimbia mawe ya saruji, mahali pa joto pasipoota hata jani. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alijaribu miti mbalimbali, na mivinje ndiyo iliyokubali. Majani yake yalioza yakawa udongo, udongo ukalea miti mingine, na leo kuna twiga na viboko. Mnaosema kwamba ndoa yenu imekauka, nendeni mkaone jinsi shimo lilivyogeuka kuwa bustani, na kwamba halikugeuka kwa siku moja.

3. Ikiwa mna jambo la kufurahia au la kushukuru, tafuteni maji au mahali pa kuona mbali. Mtoto amemaliza shule, mkopo umelipwa, ugonjwa umepona. Mambo haya tunayapita mbio mno, halafu twashangaa kwa nini twakumbuka mabaya tu.

Maporomoko ya Thomson, Nyahururu, yana urefu wa mita 74, na ngurumo yake huisikia kabla hujayaona. Njia ya kushukia chini ina mwinuko mkali, basi wenye magoti mabovu waridhike na kuyatazama kutoka juu. Mkitokea Nakuru kwa njia ya Subukia, mnapita karibu na Kijiji cha Maria Mama wa Mungu, madhabahu ya taifa, penye chemchemi ambako mahujaji hupanda kusali. Mnaweza kuanza na shukrani huko na kumalizia na chakula Nyahururu. Hapo hapo Nakuru iko Menengai, shimo la volkeno lenye upana wa kilomita nyingi, nalo ni karibu sana na mji.

Iten, katika Elgeyo Marakwet, husifika kwa wakimbiaji, lakini watu wachache husimama kutazama. Ukingoni mwa mji ardhi inakatika ghafla, na Bonde la Kerio liko zaidi ya mita 1,000 chini yenu. Msimu wa maembe ukifika, mtarudi na kikapu kilichojaa.

Karibu na Thika yako maporomoko ya Fourteen Falls, kwenye Mto Athi. Ni mazuri kuyatazama, hasa baada ya mvua. Lakini mto huo hupokea maji machafu kutoka Nairobi, kwa hiyo msioge humo wala kuosha vyombo. Mlima Ol Donyo Sabuk uko hapo karibu, wenye urefu wa mita 2,145, na wenye gari wanaweza kuviona vyote viwili siku moja.

Kikapu na mfuko

Hapa ndipo mandari nyingi huharibika. Bwana anatangaza Ijumaa jioni, "Mama watoto, kesho twende tukatembee!" Kisha analala. Mama anaamka saa kumi usiku kukanda unga, kukaanga kuku, kupiga watoto pasi na kuosha chupa za chai. Kufika huko, ndiye anayetandika, anayepakua, anayekusanya vyombo. Jioni bwana anasema, "Leo tumepumzika kweli kweli." Nani aliyepumzika? Huyo ndiye mama wa Kit Mikayi, na chungu chake kichwani.

Gawaneni kazi siku mbili kabla. Mmoja apike, mwingine anunue matunda, aoshe na kufunga. Mmoja abebe kikapu kwenda, mwingine kurudi. Chakula kiwe cha kawaida kisichoharibika upesi: chapati, viazi vitamu, nduma, mayai ya kuchemsha, njugu karanga, ndizi na machungwa. Wali wenye mchuzi huchacha kwenye joto, na huwaletea watu maradhi ya tumbo. Vyakula vingine, kama mahindi ya kuchoma, mtavipata njiani.

Kumbukeni sheria. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku pia kuingiza chupa, vikombe, sahani na vijiko vya plastiki vya kutupwa katika mbuga, misitu na fuo zinazolindwa. Chukueni kiondo, sahani za bati na chupa ya maji ya kudumu. Takataka zenu zirudi nyumbani nanyi. Msiwashe moto msituni. Na msiwape nyani wala tumbili chakula, kwa sababu aliyezoea kupewa na mgeni wa kwanza humnyang'anya mgeni wa pili.

Kuhusu fedha, kaeni mkae kitako na karatasi. Andikeni nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, na kiasi kidogo cha dharura. Hifadhi nyingi hazipokei tena noti mkononi, kwa hiyo ulizieni bei na jinsi ya kulipa kabla ya kuondoka. Kikizidi uwezo wenu, chagueni mahali pa karibu. Mto wa kijijini kwenu hauna lango. Kukopa ili mkapumzike ni kununua ugomvi wa mwezi ujao. Haba na haba hujaza kibaba: shilingi chache kila juma, katika kopo moja mnalolijua wote wawili, zitatosha baada ya miezi michache.

Msipange miezi ya Machi mpaka Mei bila kuwaza mvua, wala msingoje jioni. Kwetu jua hutua karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Saa tisa alasiri anzeni kukusanya vyombo.

Na watoto je?

Watoto nao wana haki ya siku yao, na mandari ya familia nzima ni jambo jema. Lakini siyo hii tunayoizungumzia. Angalau mara moja au mbili kwa mwaka, waacheni kwa nyanya yao, kwa shangazi, au kwa jirani mnayemwamini, nanyi mkamlindie wake siku nyingine. Msione haya. Mtoto anayewaona wazazi wake wakitoka pamoja wakicheka hapotezi kitu. Amepata somo ambalo shule haifundishi. Mwenye mtoto mchanga wa kunyonya aende naye, hatapinga mazungumzo.

Mtazungumza nini?

Patanisheni jambo moja kabla ya kuondoka: mpaka mmalize kula, hapana habari za deni, za shamba la urithi, wala za wakwe. Si kwamba hayana maana. Ni kwamba yanajua njia ya kwenu, yatawangoja mlangoni. Simu ziwekwe kikapuni, mmoja tu iwe wazi kwa ajili ya watoto.

Anzeni na mepesi. Bwana, mwulize mkeo alikuwa akitamani kuwa nani alipokuwa msichana. Bibi, mwulize mumeo ni nini kinachomtia hofu siku hizi, kisha nyamaza. Mwanamume huchukua muda kulijibu swali hilo, usimsaidie. Mmoja akisema neno linalouma, mwingine asijitetee papo hapo. Aseme tu, "Nimesikia," kisha mtembee kidogo. Kama neno ni zito, kwa mfano uaminifu uliovunjika au mkono ulioinuliwa, msidhani mandari moja italimaliza. Hilo lahitaji msaada wa mtu mwenye busara na ujuzi, na anayepigwa ahitaji kwanza usalama. Lakini kwa nyumba nyingi tatizo si kubwa hivyo. Ni vumbi tu lililokusanyika pole pole, na vumbi huondolewa kwa kufungua dirisha.

Msitarajie miujiza. Huenda mvua ikanyesha, matatu ikaharibika, chai ikamwagika. Mkicheka pamoja juu ya hayo, safari imefaulu.

Maswali ya kuzungumza ninyi wawili

1. "Jiwe" la kila mmoja wetu ni lipi? Kila mmoja ataje lake mwenyewe, asitaje la mwenzake.

2. Sasa hivi tunahitaji zaidi kutembea, kupumzika, au kushukuru?

3. Katika safari yetu ya mwisho, nani alibeba na nani aliketi?

4. Ni mahali gani pazuri, ndani ya mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani, ambapo hatujawahi kufika pamoja?

5. Tarehe gani? Iandikeni kwenye kalenda ya ukutani leo, kabla ya kulala, kila mmoja kwa mkono wake.